Hofu ya Sifuri Mbili

Binadamu ana tabia ya kuziogopa namba zinazoishia na sifuri. Mwaka wa 47 hupita kimya kimya kama miaka mingine, lakini ukikaribia mwaka wa 100, au wa 1000, watu huanza kutazama mbinguni. Nionavyo mimi, asili ya jambo hili si kubwa. Tuna vidole kumi, kwa hiyo tukahesabu kwa makumi, na kila makumi yanapotimia tunadhani kwamba dunia nayo imetimiza jambo lake. Dunia yenyewe haina habari. Hulizunguka jua bila daftari.

Historia imejaa tarehe za kiama zilizopita salama. Mwaka 1499 mnajimu wa Ujerumani, Johannes Stöffler, alichapisha kitabu cha mienendo ya nyota kilichoonyesha kwamba Februari 1524 sayari nyingi zingekutana katika kundi la nyota liitwalo Samaki. Wengine wakatafsiri kwamba kutakuwa na gharika, na vitabu vingi vikaandikwa juu ya maji ambayo hayakuja. Huko Marekani, wafuasi wa William Miller waliingoja siku ya 22 Oktoba 1844 kuwa ndiyo ya kurudi kwa Bwana. Wako wakulima walioacha mazao shambani. Mwezi Mei 1910, dunia ilipopita karibu na mkia wa nyota ya Halley, wataalamu walikuwa wamegundua kwamba katika mkia huo mna hewa ya sumu. Walanguzi wakauza vidonge vya kujikinga na nyota. Asubuhi ilifika, na walionunua vidonge wakabaki na vidonge vyao.

Nimetanguliza mifano hiyo, msomaji wangu, ili nifike kwenye kiama ambacho mimi mwenyewe nilikiona kikija kwa macho yangu: kile cha usiku wa kuamkia tarehe 1 Januari 2000. Tofauti yake na vingine ni kwamba hiki hakikutabiriwa na manabii peke yao. Kilitabiriwa pia na mafundi. Tena mafundi walikuwa na hoja.

Hoja yao ilikuwa hivi. Katika miaka ya mwanzo ya kompyuta, habari ziliingizwa kwa kadi za karatasi nene zilizotobolewa matundu. Kadi ya kawaida ilikuwa na safu 80 tu, na ndani ya hizo ilibidi kuingiza jina la mtu, namba yake, mshahara wake na tarehe zake. Nafasi ya kuhifadhia habari ndani ya mashine nayo ilikuwa ghali mno. Basi watunga programu wakafanya kama mama wa nyumbani mwenye unga kidogo: wakabana. Badala ya kuandika 1965 wakaandika 65, na 19 ikaachwa mashine iielewe yenyewe. Haukuwa uzembe. Ulikuwa ubanaji wa matumizi, na kwa wakati ule ulikuwa na maana. Walidhani, kama sisi wote tudhanivyo, kwamba kazi yao itakuwa imeshatupwa na kuwekwa nyingine kabla ya hatari kufika. Haikutupwa. Programu juu ya programu ilijengwa juu ya msingi uleule, kama nyumba inayoongezwa vyumba bila mtu kuukagua msingi.

Mwalimu yeyote wa hesabu ataliona tatizo mara moja. Chukua mtu aliyezaliwa mwaka 1943. Mwaka 1999 mashine inatoa 43 katika 99, inapata miaka 56, na jibu ni sahihi. Mwaka 2000 mashine inatoa 43 katika 00, inapata hasi 43. Mzee wa miaka 57 amekuwa mtu ambaye bado miaka 43 azaliwe. Sasa iweke hesabu hiyo katika pensheni, katika mikopo ya benki, katika dawa za hospitali, katika mitambo ya umeme na safari za ndege. Ndipo utaelewa kwa nini watu wazima wenye akili timamu walikosa usingizi.

Onyo halikuja ghafla. Bob Bemer, mmoja wa waasisi wa kazi ya kompyuta huko Marekani, aliandika juu ya hatari hii tangu mwaka 1971. Wachache walimsikiliza, kwani miaka 29 ni mbali. Mwaka 1993 Peter de Jager wa Kanada alichapisha katika gazeti la Computerworld makala iliyotangaza kiama cha mwaka 2000, na tangu hapo kelele zikapanda. Mwaka 1998 Rais Clinton alimteua John Koskinen kusimamia maandalizi ya serikali ya Marekani. Desemba mwaka huohuo wawakilishi wa nchi zaidi ya 100 walikutana Umoja wa Mataifa, New York, na mwaka 1999 kituo cha kimataifa cha kushirikiana katika jambo hili kikaanza kazi. Kampuni ya Gartner ilikadiria kwamba gharama ya matengenezo kwa dunia nzima ingekuwa kati ya dola bilioni 300 na bilioni 600. Hata maafisa wa jeshi la Urusi walikwenda Colorado kukaa chumba kimoja na wenzao wa Marekani, wakitazama mitambo pamoja, asije mmoja akaona kombora la uongo na kujibu kwa kombora la kweli. Watu waliotishana kwa miaka 40 walikalishwa pamoja na sifuri mbili.

Je, sisi huku tulikuwa wapi? Mwaka ule nilikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi mkoani Tanga. Shule yetu haikuwa na kompyuta hata moja, wala umeme wa kuiwasha. Kengele yetu ilikuwa rimu ya gari iliyoning'inizwa kwenye mwembe. Ungedhani kwamba hofu hii isingetuhusu. Lakini radio zilikuwako, na hofu haihitaji waya. Walimu wenzangu waliniuliza kama mshahara wa Januari utatoka, kwa sababu hati zetu za mshahara zilikuja zimechapwa na mashine, na waliokuwa na akiba benki walikwenda kuzitoa. Jina la Y2K lilitamkwa kwa namna nyingi, na wako waliodhani ni ugonjwa. Ulikuwa pia mwaka wa majonzi. Tarehe 14 Oktoba Mwalimu Nyerere alikuwa amefariki huko London, na watu waliokwisha kulia mwaka mzima hawahitaji sababu kubwa ya kuamini kwamba mambo yanafika mwisho.

Kilichonisumbua zaidi hakikuwa mshahara. Mwezi Desemba mzazi mmoja, mtu mchapakazi na mwenye heshima zake, alinijia baada ya binti yake kuchaguliwa kwenda kidato cha kwanza. Akasema, "Mwalimu mkuu, nakuheshimu sana, lakini niambie kweli. Kuna haja gani ya kuuza ng'ombe ninunue sare na godoro, na wanasema dunia haifiki Januari?" Nilimjibu, "Mzee mwenzangu, kama dunia itakwisha, ng'ombe naye atakwisha. Kama haitakwisha, mtoto atahitaji sare. Uza ng'ombe." Alicheka, akauza. Lakini nilijua kwamba wako wazazi wengine ambao hawakunijia. Nao walikuwa wakipiga hesabu hiyohiyo peke yao usiku.

Siku yenyewe ilikuwa Ijumaa. Kwa majirani zangu Waislamu ilikuwa Ijumaa ya Ramadhani, mwaka 1420 wa Hijria, katika kumi la mwisho. Kwa Wakristo ulikuwa usiku wa mkesha. Kwa Wahabeshi, kwa kalenda yao, ulikuwa mwaka 1992 tu, na milenia yao waliisherehekea Septemba 2007. Usiku mmoja, miaka mitatu tofauti. Mtu aliyetaka ushahidi kwamba 2000 ni namba ya watu wala si ya mbingu, alikuwa nao mtaani kwake.

Na kuna jambo jingine ambalo wachache walilifikiria. Mwaka hauingii duniani kote kwa mara moja. Huanzia mashariki. Ilipotimia saa saba mchana kwetu, tukiwa bado tumekaa kivulini, kisiwa cha Kiritimati katika nchi ya Kiribati kilikwisha kuingia mwaka 2000. Saa nane mchana ikafuata New Zealand. Saa kumi jioni Sydney. Saa kumi na mbili jioni, wakati majirani wakisubiri kufuturu, Japani nayo ikavuka. Umeme wao haukuzimika. Kwa hiyo saa sita ya usiku ilipotukuta sisi, jibu lilikuwa limeshatangazwa kwa saa kumi na moja. Hata hivyo watu walikuwa wakingoja wakiwa wameshikana mikono. Hofu ikishaingia ndani, habari njema hubisha hodi muda mrefu kabla ya kufunguliwa.

Asubuhi ilipokucha, watu wakaanza kucheka, na baada ya kucheka wakaanza kukasirika. Wakasema: tumedanganywa. Mafundi wametengeneza hofu ili wapate kazi. Neno hilo linasemwa mpaka leo, nami ningependa kulipima, maana kulipima neno ndiyo kazi niliyofundishwa chuo cha ualimu na kuifanya maisha yangu yote.

Kwanza, si kweli kwamba hakuna kilichoharibika. Japani, mitambo miwili ya nyuklia ilipata hitilafu ndogo katika vyombo vya uangalizi dakika chache baada ya saa sita, ingawa hakuna aliyedhurika. Mfumo wa Marekani wa kupokea habari za setilaiti za upelelezi uliharibika kwa siku kadhaa. Katika jimbo la New York mtu aliyerudisha mkanda wa video alidaiwa dola 91,250, kwa kuwa mashine ilihesabu kwamba amekaa nao miaka 100. Hilo ni la kuchekesha. Lakini lipo lisilochekesha hata kidogo. Huko Sheffield, Uingereza, programu iliyokokotoa uwezekano wa mtoto kuzaliwa na ulemavu kwa kutumia umri wa mama ilikosea umri huo kuanzia Januari mpaka Mei 2000. Wanawake zaidi ya 150 walipewa majibu yasiyo sahihi. Kumbe sifuri mbili ziliweza kuingia mpaka katika tumbo la mama.

Pili, tuitazame hoja ya wanaosema fedha zilipotea bure. Wanataja nchi kama Italia, zilizochelewa kujiandaa na bado zikavuka salama. Hoja hii si ya kupuuzwa, na sina shaka kwamba wako waliouza dawa kwa wasio wagonjwa, kama wale wa vidonge vya mwaka 1910. Lakini nchi zilizochelewa zilitumia programu zilezile zilizouzwa duniani kote, ambazo wenye nazo walikwisha kuzirekebisha. Ni kama kijiji kinachosema, "Sisi hatukuchanja, na ndui haikutufika." Haikuwafika kwa sababu majirani walichanja. Mgonjwa wa mwisho wa ndui ya asili alipatikana Somalia mwaka 1977. Leo kijana akiniuliza ndui ni nini, je, niseme kwamba wachanjaji walitudanganya?

Hapa ndipo penye kitendawili cha maonyo. Onyo likisikilizwa, hujiua lenyewe. Mwenye kuonya akipuuzwa, msiba humthibitisha; akisikilizwa, huitwa mwongo. Asante ya anayezuia moto ni kuulizwa: moto uko wapi?

Hapo nieleze jambo dogo la shuleni kwangu. Rejesta zetu za mahudhurio, fomu za uhamisho na vitabu vya stakabadhi vilikuwa vimechapwa kiwandani vikiwa na maneno "Mwaka 19" halafu nukta nukta. Ugonjwa uleule wa kompyuta ulikuwa umelala ndani ya kabati letu la mbao. Januari 2000 tulichukua kalamu, tukaikata 19, tukaandika 2000 juu yake, tukaendelea. Tofauti ya karatasi na mashine ndiyo hiyo. Karatasi haitendi neno mpaka mtu aiangalie, na mtu akiiangalia huona upuuzi. Mashine hutenda bila kuangaliwa. Hasi 43 kwake ni namba kama nyingine. Nami nikaelewa kwamba walichokuwa wakikinunua kwa mabilioni yale, kwa sehemu kubwa, ni macho ya watu: mtu mmoja kupitia mstari baada ya mstari na kuuliza, "Je, hili lina maana?"

Sasa niseme juu ya hofu nyingine ya tarehe ileile, iliyokuwa karibu nasi zaidi. Huko Kanungu, kusini-magharibi mwa Uganda, lilikuwako kundi la dini lililojiita la kurudisha Amri Kumi za Mungu, likiongozwa na Joseph Kibwetere na Credonia Mwerinde. Viongozi waliwaambia wafuasi kwamba dunia ingekwisha pamoja na mwaka 1999. Watu waliuza mashamba na mifugo, wakakabidhi mali yao. Januari ilipofika na dunia ipo, inaelezwa kwamba wapo walioanza kuuliza mali yao iko wapi. Tarehe 17 Machi 2000 kanisa lao liliteketea kwa moto na watu wakiwa ndani, madirisha na milango yakiwa yamezibwa. Baadaye makaburi ya halaiki yalifukuliwa katika nyumba nyingine za kundi hilo. Waliokufa kwa jumla walihesabiwa kwa mamia, na wengi walikuwa watoto.

Ziweke hofu hizi mbili sambamba. Tarehe ni moja. Hofu ya mafundi ilisema: kuna kosa, liko hapa, laweza kusahihishwa, fanya kazi. Ilimkaribisha kila mtu kukagua hesabu. Hofu ya Kanungu ilisema: hakuna la kufanya, uza ulicho nacho, nyamaza. Ya kwanza iligharimu fedha. Ya pili iligharimu watu. Katika Afrika yetu ya Mashariki, msiba mkubwa wa mwaka 2000 haukuletwa na kompyuta. Ulikuja kwa mdomo wa binadamu. Ndiyo maana bado namfikiria yule mzazi na ng'ombe wake, kwani swali lake lilikuwa limesimama katikati ya hofu hizo mbili.

Limebaki jambo moja, na ndilo linalonikera. Kabla mwaka 2000 haujawa mwaka wa hofu, ulikuwa mwaka wa ahadi. Mwaka 1978 mataifa yalikutana Alma-Ata yakaahidi afya kwa wote ifikapo mwaka 2000. Mwezi Machi 1990 yakakutana Jomtien, Thailand, yakaahidi elimu ya msingi kwa wote ifikapo mwaka huohuo. Sisi walimu tuliyaandika maneno hayo katika mipango yetu kwa herufi kubwa. Hapa Tanzania tulikuwa tumekwisha kulikaribia lengo hilo kwa UPE ya mwaka 1977, kisha hali ngumu ya miaka iliyofuata ikaturudisha nyuma, na ada ya shule ya msingi ikafutwa mwaka 2001 ndipo madarasa yakafurika tena. Mwezi Aprili 2000, miezi minne baada ya kompyuta kuvuka salama, mataifa yalikutana Dakar yakaisogeza ahadi ya elimu mpaka 2015. Mwaka 2015 yakakutana Incheon, Korea Kusini, yakaisogeza mpaka 2030.

Najiuliza: kwa nini lile lilitimia na hili likaahirishwa? Sidhani kwamba kusahihisha mamilioni ya programu ni rahisi kuliko kumwekea mtoto dawati. Nionavyo, ziko sababu mbili. Tarehe ya kompyuta haikuweza kuahirishwa na mkutano wowote. Hata ukiita mataifa yote, 99 itafuatwa na 00. Na aliyekuwa na la kupoteza alikuwa mwenye benki na mwenye ndege. Mtoto asiyeingia darasani hapigi king'ora. Hazimi umeme wa mtu. Hupita tu, mwaka ukapita naye, na kwake yeye darasa la kwanza lina tarehe isiyoahirishwa kama ilivyokuwa saa sita ya usiku ule. Mtoto wa miaka 7 hangoji 2015. Akifika 2015 ni mtu mzima.

Vijana wananiambia kwamba iko tarehe nyingine inakuja. Kompyuta nyingi za namna ya zamani huhesabu muda kwa sekunde tangu mwanzo wa mwaka 1970, na hesabu yao haiwezi kupita 2,147,483,647. Itajaa Jumanne, tarehe 19 Januari 2038, kwa saa zetu saa 12 na dakika 14 na sekunde 7 za asubuhi. Sekunde itakayofuata, mashine ambayo haikurekebishwa itadhani imerudi Desemba 1901. Mafundi wameshaanza kazi, nami nawaamini. Lakini kompyuta hazivunjiki kwa miadi tu. Tarehe 19 Julai 2024 kosa katika programu moja ya ulinzi ya kampuni ya CrowdStrike lilizima mashine zipatazo milioni 8.5 na kusimamisha ndege katika nchi nyingi, na hakuna nabii aliyelitabiri.

Nikijaliwa kuiona asubuhi hiyo ya 2038 nitakuwa nakaribia miaka 90, na sitakuwa na mengi ya kuogopa. Kwa walio nyuma yangu, hasa walimu, nina usia mmoja. Mtu akikujia na tarehe ya kuogofya, usimcheke na usimfuate. Mwombe akuonyeshe hesabu yake. Kisha muulize: kuna kazi gani ya kufanya kabla ya siku hiyo? Akikutajia kazi, vua koti umsaidie. Akikuambia hakuna, bali uuze ng'ombe na kumkabidhi yeye fedha, mwambie ng'ombe amekwisha uzwa, na fedha zimenunua sare.